Beetle, Land Rover au Peugeot 504: gari lipi la kale lifae kujifunzia kazi ya bodi?

Kazi ya bodi hujifunzwa kwa kuharibu. Utachoma bati litoboke, utagonga palipokuwa pamenyooka papinde, utakoroga puti, ule uji wa kujazia mabonde ya bati, ikukaukie kwenye ubao kabla hujaipaka. Hakuna fundi bodi aliyelikwepa hilo. Kwa hiyo gari la kujifunzia ni lile linalokuruhusu kuharibu kipande kimoja, kukifungua, kukitupa na kuanza kingine, huku gari lenyewe likibaki na umbo lake.

Kwa kipimo hicho ndipo ninapoyapima magari matatu ya kale ambayo bado unaweza kuyakuta Afrika Mashariki yakiuzwa yakiwa mabovu: Volkswagen Beetle, Land Rover za Series, na Peugeot 504. Baadaye nitazilinganisha njia za kuunga bati, vitu vya kujazia mabonde, na mahali pa kujifunzia, kwa sababu mara nyingi mashine uliyonayo nyumbani ndiyo inayokuchagulia gari.

Kwa nini haya matatu? Kwanza, yalikuja mengi na yakabaki. Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962. Peugeot ilianza kutamba na 404, ambayo Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda nayo 1966 na 1967, kisha 504 ikashinda 1975 na 1978. Land Rover haikuhitaji mashindano; ilikuwa gari la serikali, la misheni, la mbuga za wanyama na la mashamba ya mkonge. Pili, kwa Mkenya hasa, sheria ya kutoruhusu gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini ina maana kwamba gari la kale unalolipata kwa kawaida ni lile lililozeekea hapahapa.

Na lilizeekea wapi? Uliza hilo kabla ya kuuliza mwaka wa kutengenezwa. Gari lililolala nje Tanga, Mombasa au Unguja limekula chumvi ya bahari usiku na mchana. Lililokaa Dodoma au Nanyuki huenda limepauka rangi na kupasuka mipira, lakini bati bado ni bati. Kwa mwanafunzi, gari la bara lililokunjwa na ajali ndogo ni bora kuliko gari la pwani linalong'aa. Bonde hugongwa likatoka. Kutu iliyokwisha kula bati haigongwi, hukatwa.

## Volkswagen Beetle

Fenda zote nne za Beetle zimefungwa kwa bolti. Kati ya fenda na bodi kuna mkanda mwembamba unaoziba mwanya. Boneti hufunguka, mlango wa injini nyuma hufunguka, milango hufunguka, ubao wa kukanyagia pembeni hufunguka. Hata bodi nzima imekaa juu ya sakafu yenye uti katikati na imeshikwa kwa bolti pembezoni. Unaweza kuchukua fenda moja, ukaiweka juu ya benchi kivulini, ukaigonga wiki nzima, na ikishindikana ukatafuta nyingine kwa wauza vipuri wa Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi. Gari halijui lolote.

Fenda ya Beetle pia ni mwalimu kwa umbo lake. Ina mviringo pande mbili kwa wakati mmoja, na bati la namna hiyo ndilo linalofundisha nyundo na doli, yaani kile kipande cha chuma kizito unachokishikilia upande wa pili wa bati. Ukigonga juu ya doli moja kwa moja, bati linabanwa katikati ya vyuma viwili na kutanuka. Ukigonga pembeni ya doli, kilima kinashuka na bonde linapanda bila bati kutanuka sana. Ndiyo siri karibu yote ya kunyoosha, na kwenye fenda ya mviringo utaisikia mkononi upesi. Doli si lazima ununue. Kipande cha reli kilichosagwa pembe kwa grenda kinatosha, na mafundi wengi wa jua kali wanacho hicho hicho.

Kabla ya kununua fenda nyingine angalia mwaka. Taa za mbele za Beetle zilisimama wima kuanzia modeli ya 1968, kwa hiyo fenda za mbele za zamani zenye taa zilizolala nyuma haziingiliani na hizo kwa sura. Zile 1302 na 1303 zina sehemu ya mbele tofauti kabisa. Muuzaji wa vipuri atakwambia zote ni Volkswagen. Ni kweli, lakini haisaidii.

Ubaya wa Beetle uko chini. Betri imekaa chini ya kiti cha nyuma, na tindikali inayovuja ikikutana na maji ya mvua hula sakafu hadi uone lami. Kibaya zaidi ni yale maboksi marefu ya chini ya milango yanayopitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini. Mafundi wengi wa kwetu huyaona hayana kazi, maana heta ya nini Tanga? Wanaziba kwa bati bapa na puti, wanapiga rangi nyeusi. Boksi lile ndilo linaloubeba mwili wa gari kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Likiondoka, mlango unaanza kugoma kufunga na paa linaanza kutoa milio. Ukilibadilisha, fanya upande mmoja kwa wakati mmoja, bodi ikiwa bado imefungwa kwenye sakafu, na uchomelee mabomba ya muda kwenye uwazi wa mlango ili usicheze. Hiyo si kazi ya mwanzo. Anza na fenda, nenda kwenye sakafu, boksi liwe la mwisho.

Sakafu yenyewe mafundi huikata kwenye shiti ya geji 18, unene wa milimita 1.2 hivi. Ya kiwandani ina mikunjo iliyokandamizwa ili isitetemeke. Ukiweka shiti bapa tupu, gari litakuwa ngoma. Kunja mbavu zako mwenyewe kwa kuligonga bati ndani ya mfereji uliochonga kwenye mbao ngumu, kidogo kidogo kutoka ncha moja hadi nyingine, ukirudia mara kadhaa.

## Land Rover Series

Land Rover ilizinduliwa Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza ilipokuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Ndiyo sababu mapaneli yake mengi ni aloi ya alumini na magnesi iitwayo Birmabright, yenye sura bapa ambayo haikuhitaji mitambo mikubwa ya kukandamizia. Series I, II, IIA na III, hadi 1985, zote zinafuata mtindo huo: chesisi ya chuma ya maboksi, juu yake mapaneli ya alumini yaliyofungwa kwa bolti na ribiti, yaani vipini vya kubana bati kwa bati.

Kwa kipimo cha kufungua na kutupa, Land Rover inaizidi hata Beetle. Ni gari la kuvunjwa na kuungwa kwa spana. Lakini bati lake ni gumu kulisoma. Alumini inapogongwa inakuwa ngumu na kukatika, na hutanuka upesi kuliko chuma, kwa hiyo mwanafunzi anayegonga kwa hasira huishia na paneli inayoruka huku na huku akiibonyeza kwa kidole. Ili iwe laini tena lazima ipashwe moto, na hapo pana mtego: alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Inafika nyuzi 600 na kitu ikiwa na rangi ile ile ya fedha, halafu inadondoka chini. Mafundi hutumia mche wa sabuni. Paka sabuni juu ya bati, pasha moto taratibu kutoka nyuma, na sabuni ikigeuka kahawia iliyoiva ondoa moto mara moja. Acha ipoe, gonga.

Kuchomelea alumini nyembamba ni somo jingine kabisa. Inahitaji mashine ya TIG yenye umeme wa kubadilika, au MIG yenye gesi ya agoni na waya wake laini, pamoja na usafi ambao gereji ya wazi yenye vumbi haiwezi kuutoa. Sikushauri uanzie hapo. Uzuri ni kwamba huhitaji: kata kiraka, toboa, funga kwa ribiti, weka gundi ya bodi katikati. Land Rover yenye viraka vya ribiti haimuaibishi mtu. Imezoeleka hivyo tangu mbugani.

Kazi halisi iko kwenye chuma. Ukuta wa mbele unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni wa chuma, na huoza mahali pa kukanyagia na kwenye nguzo za bawaba. Chesisi huoza kutoka ndani. Ipige kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma, usikilize: chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama gunia. Zingatia boriti ya nyuma kabisa na ile mikono inayotoka pembeni kushika bodi. Na popote alumini inapogusa chuma bila rangi kati yake, utakuta unga mweupe na malengelenge. Metali mbili tofauti na unyevu hufanya kazi ya betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Unaporudisha paneli, paka praima, yaani rangi ya msingi, pande zote mbili na uweke mkanda wa mpira. Rangi peke yake, kwenye ribiti zinazotikisika, haidumu.

Kumbuka tanki la petroli la Land Rover fupi liko chini ya kiti cha mbele. Litoe kabla ya cheche yoyote. Kulifunika kwa gunia lenye maji ni kucheza na roho yako.

## Peugeot 504

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu jibu langu ni hapana, angalau kwa gari la kwanza.

Nalipenda 504. Lilitoka 1968, likawa gari la mwaka barani Ulaya 1969, likaunganishwa Kenya na Nigeria, likabeba vijiji vizima kwenda mjini. Lakini halina chesisi ya peke yake. Sakafu, nguzo, paa, fenda za nyuma na maboksi ya chini ya milango vimeungwa kuwa kitu kimoja, na nguvu ya gari imo ndani ya bati lenyewe. Ukikata boksi la chini ya mlango bila kuweka nguzo za kushikilia, gari linashuka katikati kwa milimita chache usizoziona. Utaziona siku ya kurudisha mlango, wakati kila kitu kimekwisha chomelewa. Kosa la namna hiyo haliondoki kwa spana, na mara nyingi haliondoki kwa pesa pia.

Kama tayari unalo, labda ni la marehemu baba na huwezi kuliacha, basi jifunze kwanza kwenye mlango wa gari jingine bovu. Mlango wowote. Ukifika kwenye 504 lenyewe, pima umbali wa pembe kwa pembe wa kila uwazi wa mlango, uandike ukutani kwa chaki, na upime tena kila baada ya kuchomelea.

## Mashine uliyonayo

Wengi huanza na mashine ya kuchomelea ya vijiti kwa sababu ipo kila mtaa, inayotengenezea mageti na madirisha. Bati la bodi lina unene kati ya milimita 0.8 na 1. Kijiti cha kawaida cha milimita 2.5 juu ya bati hilo ni shimo, halafu shimo la kuziba shimo. Vipo vijiti vya milimita 2 na mashine ndogo za inveta zinazoshuka hadi ampea 40 au chini yake, na fundi mzoefu anaweza kutembea navyo. Mwanafunzi atachukia kazi.

| Njia | Panapofaa | Kosa la mwanafunzi | Kusahihisha |
|---|---|---|---|
| Vijiti | Chesisi, mikono, vyuma vya milimita 2 na zaidi | Kutoboa bati jembamba | Chesisi: saga, rudia. Bati: kata kiraka kipya |
| MIG ya waya na gesi | Bati la bodi, sakafu, maboksi | Kuchoma mstari mrefu, bati likajikunja | Saga mstari, gonga juu ya doli kutanua |
| Moto wa gesi | Bati la nje la kunyooshwa kwa nyundo | Joto kusambaa, paneli nzima kuyumba | Nyundo na uvumilivu, paneli ikiwa nje ya gari |
| Shaba kwa moto wa gesi | Pembe na viungo visivyobeba uzito | Kuitumia kila mahali | Kukata sehemu yote yenye shaba |

MIG ndiyo ninayompendekezea anayeanza na chuma. Waya wa milimita 0.6, gesi ya mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksidi. Kaboni dioksidi tupu nayo inafaa na ni rahisi kuipata, ila cheche huwa nyingi zaidi. Ule waya wenye dawa ndani usiohitaji gesi huuzwa kama mkombozi wa maskini, na kwa geti ni mkombozi kweli. Kwa bati la milimita 0.8 huchoma moto mno. Kanuni ya MIG kwenye bodi ni nukta. Piga nukta moja hapa, nyingine mbali, rudi katikati, acha ipoe hadi uweze kuigusa. Anayekimbiza mstari ili amalize leo atakaa kesho kutwa akinyoosha.

Moto wa gesi una watetezi wake, na wana hoja. Mstari wa MIG ni mgumu na lazima usagwe, wakati mstari wa gesi ni laini, unagongwa ukiwa moto hadi unalala sawa na bati na hauonekani tena. Fundi aliyefunzwa kwa gesi anaijua tabia ya bati kuliko wa MIG. Lakini joto lake husambaa mbali, na mitungi ya kujitengenezea gesi uani kwa kabaidi imewaumiza watu. Kama huna mitungi halali yenye rejeta na vizuizi vya moto kurudi nyuma, achana na njia hii.

Shaba utaikuta zaidi kwenye kazi za zamani: mstari wa njano chini ya rangi. Ukiiona, usipeleke MIG juu yake. Chuma kilichonywa shaba hakishikani tena vizuri na waya, huzaa mapovu na nyufa.

Sasa angalia jinsi mashine inavyochagua gari. Mwenye mashine ya vijiti tu achukue Land Rover: atachomelea chesisi na boriti, vyuma vinene vinavyovumilia, na mapaneli atayafunga kwa bolti na ribiti. Mwenye MIG achukue Beetle. Asiye na mashine yoyote naye achukue Beetle, agonge fenda nyumbani, na sakafu aipeleke kwa mwenye mashine ikiwa imekwisha kukatwa na kusafishwa.

## Puti, risasi, au bati tupu

Puti inasingiziwa. Si uongo kuitumia. Uongo ni kuijenga. Ikiwa nyembamba, milimita 3 au chini baada ya msasa, juu ya chuma safi au praima ya epoksi, hudumu miaka. Ikiwa nene kama kiganja juu ya kutu, hupasuka na kutoka na rangi yake kama ukoko wa wali. Puti hunyonya maji, kwa hiyo usiilaze usiku kucha bila praima, hasa pwani. Hadena, ile dawa ya kuikausha, ni asilimia 2 hivi ya puti, na joto la Dar es Salaam mwezi wa Januari litaikausha mkononi mwako ukiizidisha. Koroga kidogo, paka, koroga tena.

Kabla ya puti, watu walijaza kwa risasi iliyochanganywa na bati la kulehemia, kwa kawaida risasi 70 kwa 30. Kati ya nyuzi 183 na 255 hivi inakuwa kama uji mzito, na fundi huisukuma kwa kibao cha mbao kilichopakwa nta. Magari mengi ya Marekani ya miaka ya 1950 yaliyobadilishwa maumbo, kama ile Mercury ya 1951 ambayo karakana ya George Barris ilimtengenezea Hirohata, yalizibwa viungo vyake kwa namna hiyo. Risasi haipasuki, haivuti maji, na ikikosewa inayeyushwa upya. Kwa kipimo changu cha kurekebishika ingeshinda, isingekuwa sumu. Moshi wake na vumbi lake vinaingia mwilini na vinabaki, na uani kuna watoto. Usiisage kwa grenda hata siku moja. Ushauri wangu: iache kwa waliofunzwa.

Bati tupu, yaani kunyoosha hadi puti isihitajike, ni ndoto nzuri ya kuwa nayo kwenye fenda moja. Chukua ile utakayoitupa hata hivyo. Isafishe hadi chuma, pitisha mkono ukiwa umevaa glavu nyembamba ya kitambaa, maana kiganja kitupu hukwamakwama na kukudanganya. Pale palipotanuka, pasha nukta ndogo hadi iwe nyekundu, gonga kidogo kuizunguka, poza kwa kitambaa chenye maji, bati linajikusanya. Ukijifunza hilo utatumia puti kidogo maisha yako yote.

Kuhusu kupima gari kwa sumaku ili kugundua puti: kwenye mapaneli ya alumini ya Land Rover sumaku haitashika, na hilo halina maana kwamba umeuziwa puti tupu.

## Ukitaka kubadilisha umbo

Hamu hii ndiyo wengi wanayokuja nayo, kwa kweli. Fenda pana, matao yaliyovimba, kioo kilichoshushwa. Uchaguzi mkubwa ni kati ya faiba na chuma.

Faiba inakubali makosa mengi. Unajenga umbo kwa povu au udongo, unaweka vitambaa na rezini tabaka kwa tabaka, unasaga, unaongeza. Haina kutu na haihitaji mashine ya kuchomelea. Beetle za kupita nyikani zenye fenda fupi mara nyingi huvaa fenda za faiba, na zikivunjika porini zinabandikwa kiraka. Ubaya wake ni vumbi linalowasha hadi usiku, harufu kali, na nyufa kwenye matundu ya bolti. Weka washa pana za bolti na kipande cha chuma ndani ya tabaka unapojenga.

Chuma ni polepole lakini kinakaa. Njia rahisi ya kupanua fenda ya Beetle ni kuipasua kwa urefu, kuitenganisha kwa upana unaoutaka, na kuingiza ukanda wa bati katikati. Umbo la kiwandani linabaki, linanenepa tu. Tengeneza kwanza kielelezo cha karatasi ngumu, kisha ukanda wenyewe ukunje kwa kugonga ukingo wake juu ya mfuko wa mchanga au gogo lililochimbwa shimo. Ukitaka kuona gogo na nyundo vikifanya maajabu, pita Kamukunji, Nairobi, pale wanapotengeneza karai na masanduku. Hawagusi magari, lakini yule anayelikunja bati bapa kuwa bakuli bila kulipasua anajua jambo ambalo fundi bodi wengi hawalijui.

Rangi niipitie haraka. Rangi ya NC, yaani ya nitroselulosi, hukauka upesi, hung'arishwa kwa mkono, na ikichuruzika unapiga msasa na kurudia baada ya muda mfupi. Ndiyo ya kujifunzia. 2K, rangi inayochanganywa na hadena, ni ngumu na hung'aa kuliko hiyo, lakini hadena yake ina kemikali ya isosaneti inayoharibu mapafu, na kitambaa cha puani hakizuii chochote. Bila kinyago kinachovuta hewa safi kutoka nje ya chumba cha kupigia rangi, mlipe mwenye navyo.

## Uani kwako, gereji, au chuo

Chuo cha ufundi, kama VETA kwa Tanzania, au kujiandaa kwa mtihani wa ufundi wa NITA kwa Kenya, kinakupa mpangilio, usalama na cheti. Kama unataka kula kwa kazi hii, anzia huko. Kwa anayetaka gari lake moja tu, ratiba ya darasa inaweza kuwa ndefu kuliko hamu yake.

Gereji ya mtaani inakupa kasi na macho. Utaona ajali za kila aina kwa muda mfupi. Lakini utajifunza pia tabia za haraka ambazo mteja anazilipia, puti juu ya kutu ikiwemo, kwa sababu mteja anataka gari Ijumaa. Fundi si mwovu. Bei aliyokubaliwa ndiyo iliyoamua. Ukiomba kukaa kwa fundi, mwambie wazi: "Mzee, sitafuti mshahara, nataka nishike nyundo kwenye gari lililokufa." Mafundi wengi wana gari la namna hiyo pembeni limekaliwa na kuku, na wengi watakubali ukija na chai na ukasafisha vifaa.

Uani kwako una kitu kimoja ambacho vingine havina, nacho ni muda wa kuliangalia kosa. Bati lililopinda likikaa mbele yako siku tatu bila mtu kukuharakisha, unaanza kuelewa limepindaje. Kasoro ni kwamba hakuna wa kukwambia kuwa unagonga upande usiofaa. Mimi ningechanganya: fenda nyumbani, na kila zikikwama zibebe kwa fundi umwombe akuonyeshe sehemu ndogo tu, halafu urudi nazo. Fenda ya Beetle inaingia kwenye bajaji. Mlango wa Land Rover pia. Ubavu wa 504 hauingii.

Jambo moja la karatasi kabla hujawasha grenda. Rangi na aina ya bodi ya gari vimeandikwa kwenye kadi yake ya usajili, na nambari ya chesisi imepigwa kwenye chuma. Ya Beetle iko kwenye uti wa katikati, chini ya kiti cha nyuma, jirani kabisa na pale betri inapokula sakafu. Ipige picha na uizungushie chaki nyekundu. Ukikata sakafu, ukanda ule usiguswe, hata kama kila kilichouzunguka kimeoza.